Mtugutu wako unaumwa nini? Dalili, vyanzo na la kufanya

Mtu mwenye mtugutu unaonyauka huuliza kwanza apulize dawa gani. Kwa kichaka hiki jibu langu karibu kila mara ni kwamba asipulize. Majani haya tunayachuma, tunayachemsha na kuyanywa kama dawa, kwa hiyo sumu uliyopuliza Jumatatu utaikuta kikombeni Alhamisi. Isitoshe, matatizo mengi ya mtugutu hayaletwi na mdudu wala ugonjwa. Yanaletwa na maji yaliyotuama, pingili mbovu, au kisu ambacho kimekaa ndani mwaka mzima bila kutumika.

Mtugutu ninaouzungumzia ni Vernonia amygdalina, ambao vitabu vipya vya mimea huuandika Gymnanthemum amygdalinum. Wahaya wanauita omubilizi, Waganda mululuza, na Rwanda na Burundi ni umubirizi. Ni mmea wa Afrika hasa. Huota wenyewe kandokando ya mito na maziwa, pembezoni mwa misitu na kwenye mashamba yaliyoachwa, na kwa kawaida hufika mita 2 hadi 5. Ukiutazama pale unapoota bila mtu, utaelewa unachotaka: jua, udongo unaoshika unyevu, na maji yanayopita badala ya kukaa. Utaona pia kwamba hauna udhaifu wa mchicha. Anayeutunza kama mboga ya kitaluni, akiumwagilia asubuhi na jioni, ndiye huyohuyo atakayekuja kulalamika.

Kabla ya kusoma dalili yako hapa chini, fanya mambo matatu. Chomeka kidole udongoni karibu na shina hadi kizame chote, ujue chini kuna unyevu kiasi gani, maana juu panadanganya. Geuza jani uangalie mgongo wake. Halafu kwaruza gome la tawi kwa ukucha: ukikuta ukijani mbichi, tawi liko hai hata kama halina jani moja, ukikuta kahawia kavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena mpaka ufike penye uhai.

Pingili imeoza kabla ya kuchipua

Hili ndilo lalamiko namba moja, na chanzo chake karibu kila mara kilianza siku ya kukata.

Anza na umri wa tawi. Ncha laini ya kijani huoza kwa urahisi sana, kwa sababu haina chakula cha kutosha kusubiri mizizi. Shina zee lenye gome zito lililopasuka nalo huchelewa mno kuchipua, na likichelewa, ukungu hulitangulia. Chukua tawi la katikati, lililoanza kukomaa, rangi ikitoka kijani kuelekea kijivu, unene wa kidole. Kata urefu wa sentimita 20 hadi 30, macho yasipungue manne. Anayejua kuchagua pingili ya muhogo tayari anajua nusu ya kazi hii.

Pili ni jeraha lenyewe. Panga butu huponda nyuzi badala ya kuzikata, na palipopondwa ndipo uozo unapoingilia. Tumia kisu kikali au mkasi wa kupogolea uliosafishwa. Upande wa chini kata karibu kabisa na jicho. Upande wa juu kata mshazari ili mvua iteleze. Ule mkato wa mshazari unasaidia pia usisahau upi ni wa juu. Pingili iliyopandwa kichwa chini ni kisa cha kweli, hutokea kila msimu, na mara nyingi haichipui kabisa au huchipua kwa taabu.

Tatu ni udongo. Ukichimbua pingili iliyooza ukakuta sehemu ya chini ni nyeusi, laini na inanuka, maji yalituama. Udongo wa mfinyanzi unahitaji kuchanganywa na mchanga na mboji iliyoiva, au upande kwenye tuta. Kwenye viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche, hakikisha matundu ya chini yapo na hayajaziba. Samadi mbichi usiiweke kabisa karibu na pingili. Huchoma na kuozesha. Ukikuta pingili kavu, nyepesi, bila harufu, tatizo ni kinyume chake: ilikaa juani muda mrefu kabla ya kupandwa, au kiriba kilikauka.

Panda kwa kulaza kidogo, kama nyuzi 45, theluthi mbili ziwe ardhini na walau macho mawili yabaki juu. Iliyolazwa huchipua machipukizi mengi kuliko iliyosimamishwa wima, jambo unalolitaka kama unalima kwa ajili ya majani. Wakati mzuri ni mvua zinapoanza kushika, masika au vuli, wala si katikati ya mafuriko.

Ilichipua vizuri, kisha ikanyauka ghafla

Machipukizi ya mwanzo hayathibitishi kwamba kuna mizizi. Pingili huchipua kwa akiba iliyomo ndani ya shina, na akiba ikiisha kabla mizizi haijashika, majani yote hulala siku moja. Mwenye shamba huona majani mabichi katika wiki ya pili, anafurahi, anaondoa kivuli au anahamishia shambani. Hapo ndipo pingili inapokufa.

Subiri wiki nne au zaidi. Vuta kidogo sana: ikikataa, ina mizizi. Ikiwa tayari imenyauka lakini shina bado ni kijani ukikwaruza, irudishe kivulini, kata nusu ya majani ili yasiendelee kunyonya maji ambayo hayapo, na weka udongo unyevu bila kuulowesha chepechepe. Baadhi zitarudi. Kuhamishia juani kufanyike polepole, jua la asubuhi kwanza kwa siku kadhaa.

Angalia pia chini ya shina kama kuna njia za udongo za mchwa. Mchwa hupenda pingili zisizo na mizizi, hasa penye matandazo makavu yaliyogusa shina. Sogeza matandazo umbali wa kiganja kutoka kwenye shina na mwagia maji mara kwa mara mpaka mizizi ishike. Mtugutu uliokwisha kusimama imara haupati shida kubwa na mchwa.

Mbegu hazioti

Haziotagi vizuri. Zile mbegu ndogo zenye manyoya hupeperuka na upepo na nyingi ni mapepe, na zilizo nzima hupoteza uhai zikikaa. Ukilazimika kuzitumia, zikusanye zikiwa mpya kabisa, zimwage juu ya udongo laini na uzifunike kwa kiasi kidogo tu. Vinginevyo tumia pingili. Ndivyo wakulima wengi wanavyofanya.

Majani yanageuka njano

Njano si ugonjwa mmoja. Tazama njano imeanzia wapi.

Ikianzia majani ya chini, yaliyozeeka, yote yakififia kwa usawa huku ya juu yakibaki kijani, mti una njaa ya naitrojeni. Hii ni kawaida kwa mitugutu inayovunwa kila wiki bila kurudishiwa kitu. Weka mboji au samadi iliyooza, debe moja kwa shina la mti mkubwa mwanzoni mwa mvua. Kama una alizeti pori inayojiotea kandokando ya barabara, ile ya maua makubwa ya njano iliyoletwa kutoka Mexico na Amerika ya Kati, kata majani yake uyatandaze chini ya mtugutu. Yana rutuba nyingi na huoza haraka. Tahadhari moja: alizeti pori nayo ni chungu, na kuna watu wanaoichuma wakidhani ndiyo mtugutu. Ua linamaliza ubishi. La mtugutu ni dogo, jeupe la rangi ya maziwa, kwa mashada, na hunukia jioni, nyuki wanalijua.

Ikianzia majani machanga ya juu, jani likiwa njano huku mishipa yake ikibaki kijani, fikiria udongo. Unguja, Mombasa na kote penye mawe ya matumbawe, udongo una chokaa nyingi, na chokaa hufungia madini ya chuma yasifike kwenye mizizi. Kumwaga mbolea zaidi hakusaidii hapo. Panua shimo, jaza mboji kwa wingi, endelea kuongeza kila msimu. Mwenye nafasi ndogo anafanya vyema zaidi kupanda kwenye ndoo kubwa au pipa lililotobolewa, akijaza udongo wa kuletwa.

Ikiwa mti mzima umefifia kwa pamoja, majani yamelegea ingawa udongo umelowa, mizizi inakosa hewa. Acha kumwagilia, chimba mfereji wa kutoa maji. Watu wengi wakiona jani limelegea huongeza ndoo nyingine, na ndiyo inayomalizia.

Na kama kingo za majani zimeungua na kuwa kahawia kana kwamba zimepitiwa na moto, onja maji unayomwagilia. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Kusanya ya mvua, au tumia ya kisima kwa nadra huku ukisubiri mvua isafishe udongo.

Majani yamejikunja, yananata, yana masizi

Geuza jani. Utakuta vidukari wamejipanga kwenye ncha changa, na sisimizi wakipanda na kushuka shina. Vidukari hunyonya utomvu na kutoa maji matamu, sisimizi wanayafuata, na juu ya utamu huo huota ukungu mweusi tunaouona kama masizi. Uchungu wa mtugutu hauwazuii wadudu wote, ingawa wengi hudhani hivyo.

Hapa kisu kinafanya kazi ambayo dawa haifanyi. Vidukari wako kwenye ncha laini, na ncha laini ndiyo sehemu ambayo mti huu huirudisha kwa haraka kuliko zote. Zikate ncha zilizojaa, zichome au uzizike, na mti utachipua upya. Waliobaki wamwagie maji kwa nguvu asubuhi, wakianguka wengi hawarudi. Ikishindikana, yeyusha kipande cha sabuni ya mche kwenye ndoo ya maji, nyunyizia mgongo wa majani jioni, kisha suuza kesho yake. Ukiwaona wadudu wa duara, wekundu wenye madoa meusi, wakitembea humo, waache, wanakula vidukari. Anayepuliza sumu huwaua hao kwanza, na vidukari hurudi wengi zaidi.

Vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya matawi ni vidung'ata. Matibabu ni yaleyale, ila wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kwa kuwa hawang'oki kwa maji pekee.

Wakati wa kiangazi kikali, majani yakipoteza mng'ao, yakawa na vidoti vidogo vya kufifia na utando mwembamba chini yake, ni utitiri. Hupenda vumbi na ukavu. Mitugutu ya kando ya barabara ya vumbi huugua zaidi. Osha majani, mwagilia shina, weka matandazo.

Hali tofauti kabisa ni jani lenye mabaka ya njano na kijani yaliyochanganyika, likikunjamana na kudumaa, bila mdudu yeyote. Huo ni uwezekano mkubwa wa virusi, na virusi havina tiba shambani. Usichukue pingili hapo hata moja. Ugonjwa wa namna hii husafiri na pingili kutoka kitongoji hadi kitongoji, kwa sababu watu hupeana kwa ukarimu.

Mti umekuwa mrefu, majani ni machache na yako juu

Hauumwi. Umeachwa. Mtugutu usiokatwa hukimbilia juu, huchanua, na kuacha shina tupu chini. Jani la kwenye mti ulioshughulika na maua huwa dogo na gumu.

Kata. Watu huogopa kukata mti wenye afya, lakini huu unavumilia kukatwa kuliko miti mingi ya nyumbani. Mwanzoni mwa mvua, shusha shina kuu hadi kimo cha goti au kiuno, mkato mshazari, na uache matawi mawili matatu yenye majani ili mti usibaki mtupu kabisa. Ndani ya wiki chache utaona machipukizi mengi kuzunguka shina. Ondoa yaliyosongamana, bakiza yenye nguvu. Baada ya hapo, kuvuna kwenyewe ndiko kupogolea: kata vichwa vya matawi badala ya kunyonyoa jani mojamoja kutoka chini. Kunyonyoa ndiko kunakotengeneza ule mwonekano wa fimbo yenye kofia.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Kukata wakati wa kiangazi kikali, au kuvuna majani yote kila yanapotoka, huumaliza mti kwa njaa. Ukikata na machipukizi yakawa membamba, meupe-meupe, mti unakuambia akiba imekwisha. Uache msimu mmoja, uulishe mboji.

Ikiwa mti uko chini ya mwembe au nyuma ya ukuta usiopata jua, kukata hakutasaidia sana. Utarefuka tena ukitafuta mwanga. Hamisha kwa kuchukua pingili.

Tawi moja linakauka, mengine ni mazima

Fuata tawi kutoka kwenye ncha kurudi nyuma. Ukikuta tundu dogo na unga wa mbao, kuna funza ndani. Kata chini ya tundu mpaka uone moyo wa tawi uko safi, kisha choma kilichokatwa. Ukikuta gome limechunika, ulizia mbuzi. Mbuzi hawajali uchungu wa mtugutu, huula vizuri tu, na wakishazoea kichaka kimoja watakirudia. Wanaoutumia kama uzio wa shamba waufunge miiba upande wa njia mpaka ukue juu ya vichwa vya mbuzi.

Dawa ni chungu kidogo, au chungu kupita kiasi

Uchungu hubadilika kutoka mti hadi mti na kutoka jani hadi jani. Kwanza hakikisha mmea ni wenyewe. Mtugutu una ndugu wengi wa jenasi moja wanaofanana nao, na jina la kienyeji huweza kuvikwa zaidi ya mmoja. Kisha fikiria usindikaji. Majani yaliyosuguliwa na kuoshwa mara kadhaa hupoteza sehemu kubwa ya uchungu, na ndivyo Wacameroon wanavyofanya wanapopika ndolé, mboga yao maarufu. Kwa hiyo ukiyaosha kwa kuyakamua halafu ukashangaa dawa kuwa nyepesi, jibu liko kwenye beseni.

Kupita kiasi nako kusichukuliwe kama sifa. Kwenye Milima ya Mahale, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1987 Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyejua dawa za kwao, na mtafiti Michael Huffman walimfuatilia sokwe jike aliyeitwa Chausiku akiwa mgonjwa. Alikata machipukizi ya mtugutu, akaondoa majani na gome la nje, akatafuna moyo wa ndani na kunyonya maji yake. Siku iliyofuata alikuwa na nafuu. Watongwe wenyewe hutumia mmea huo kwa maradhi ya tumbo. Kilichonivutia mimi ni majani aliyoyatupa. Uchunguzi wa kemikali uliofuata ulionyesha kwamba vernodalini, moja ya sumu za mmea huu, iko zaidi kwenye majani. Sisi tunaotumia majani tuna sababu ya kupima mkono, na majani mengi zaidi hayamponyi mtu haraka zaidi.

Homa haijashuka

Hili si tatizo la mti, lakini wanaokunywa mtugutu kwa ajili ya homa huniuliza mara nyingi, hivyo nalijibu. Mtu akiwa na homa, nenda kapime malaria siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni na dakika chache. Ikiwa ni malaria, meza dawa mseto uliyopewa na umalize dozi. Mtoto mdogo na mjamzito wasisubirishwe kwa kikombe cha mtugutu hata usiku mmoja, na mjamzito asiunywe. Anayetumia dawa za kisukari amwambie daktari wake kama anakunywa mtugutu, kwa sababu unaweza kushusha sukari na vyote viwili vikashusha pamoja.

Majani yaliyokaushwa yamekuwa meusi au yana ukungu

Meusi yalirundikwa yakiwa mabichi, yakapata joto na kuchacha. Yenye ukungu yalifungwa kabla hayajakauka. Yaliyofifia na kuwa kama majani makavu ya barabarani yalianikwa juani. Chuma asubuhi umande ukishakauka, tandaza tabaka moja kivulini penye upepo, geuza kila siku, na usifunge mpaka jani livunjike ukilikunja. Weka kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, mbali na mwanga. Yenye ukungu usiyachambue wala kuyaanika upya. Tupa kwenye mboji.

Wakati wa kung'oa

Mti wenye mabaka ya virusi, ng'oa. Ambao mizizi yake ina vinundu vingi vya minyoo fundo na umedumaa licha ya mboji, ng'oa. Ambao shina kuu limeoza moyo hadi ardhini, kata kwanza usubiri mvua moja uone kama utachipua kutoka mizizini, usipochipua, ng'oa. Choma mabaki yenye ugonjwa, acha shimo wazi lipigwe na jua, na upande pingili mpya hatua kadhaa kando, kutoka kwa mti mwingine ambao umeuona kwa macho yako mwenyewe wakati wa kiangazi, maana wakati wa mvua hata mgonjwa huonekana mzima.